Kitabu Kilichovaa Gazeti

Mwalimu hakuwahi kusoma kitabu kikiwa uchi. Kila kilichoingia mkononi mwake, kiwe cha dini, cha mapishi au riwaya ya Kizungu iliyosahauliwa na mgeni, kwanza alikivisha gazeti. Alikata, akakunja pembe, akabana kwa ndani bila gundi, vile vile alivyotufundisha kufunika madaftari skuli. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu, "Na kitabu kina stara yake." Ukiendelea kuuliza alikutazama mpaka ukajihisi wewe ndiye uliyevua nguo.

Nasema Mwalimu na inatosha. Walimu Mji Mkongwe ni wengi, lakini mtaani kwetu ukilitaja neno hilo peke yake watu walijua unamsema yule bibi mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweupe kwenye mkono mmoja, aliyesomesha Kiswahili miaka mingi hata akawasomesha watoto wa wanafunzi wake wa mwanzo. Mimi alinisomesha darasa la tano. Alipostaafu akawa anakuja kwangu alasiri, na hapo ndipo nilipomjua, maana mwalimu wa darasani humjui, unamwogopa tu.

Kwangu ni nyumba ya wageni ya vyumba saba, niliyoachiwa na shangazi yangu. Wageni husahau chaja, kandambili na vitabu. Chaja nazigawa, kandambili zinapotea zenyewe, vitabu naviweka kabatini ukumbini, na kabati hilo Mwalimu alilila lote, tabaka baada ya tabaka. Kizungu chake kilikuwa cha kusoma, si cha kusema. Mgeni akimsalimia kwa Kizungu, yeye alimjibu kwa Kiswahili taratibu, neno moja moja, akamsubiri kama anavyosubiriwa mwanafunzi mzito.

Ugonjwa wake ulikuwa makosa ya watu. Palikuwa na duka karibu na kwetu, mwenyewe kaandika mlangoni: MLANGO HII HAIFUNGULIWI. Mwalimu akapita na chaki, akasahihisha: mlango huu haufunguliwi. Mwenye duka akafuta. Kesho yake chaki ikarudi. Mara ya tatu yule bwana akanunua rangi, akaandika sawasawa, akawaambia watu kuwa afadhali arogwe kuliko kusahihishwa. Msibani alikuwa na huruma zaidi: mfiwa akikosea ngeli, Mwalimu alisubiri siku tatu zipite ndipo akamwambia. Kadi za harusi alizirudisha kwa wenyewe zikiwa na wino mwekundu, halafu siku ya harusi akahudhuria, akala biriani vizuri, akawaombea dua maharusi.

Mimi mwenyewe nina kovu langu. Darasa la tano tuliandika insha juu ya nyumbani kwetu, nami nikaandika kwamba mama alimuoa baba mwaka wa mvua nyingi. Nilipoisoma mbele ya wenzangu darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinipigia mkasi mwekundu, alama ya kosa, akageukia ubao.

"Mwanamume huoa," akasema, huku anaandika. "Mwanamke huolewa. Wote wawili pamoja huoana. Hiyo ni kauli ya kutendana, hakuna aliyetenda peke yake wala aliyetendwa." Kisha akanirudishia daftari. "Kwa lugha umekosa. Kwa nyumba yenu, sijui."

Walicheka tena, maana mama yangu mtaa mzima ulikuwa ukimjua. Nilipompelekea habari hiyo alifurahi, akaisimulia kwa majirani wiki nzima. Baba alikwenda msikitini mapema siku hizo.

Yeye Mwalimu aliolewa miezi kumi na moja tu. Bwana yule, alisema, alikuwa mtu mwema kabisa, ila alikuwa hanyamazi mtu akisoma. Baada ya hapo akakaa peke yake, katika chumba kimoja cha juu, mtaa wa Malindi hapa hapa mjini, na kila skuli zilipofungwa alifunga mlango akenda kijijini Bwejuu, kwa shoga yake.

Neno hilo nalo alipigana nalo vita. Kwetu shoga ni rafiki wa mwanamke, mwanamke mwenzake anayemjua ndani na nje. Neno lilivuka maji likaenda bara, huko likageuzwa tusi la wanaume, na sasa watoto wetu wanalirudisha kutoka kwenye simu likiwa limeshaharibika. Wengi wameona haya, wameliacha, siku hizi wanasema "rafiki yangu". Mwalimu alikataa. "Neno langu," alisema, "likichafuliwa nalifua, silitupi." Kwa hiyo alisimama katikati ya soko la Darajani na kapu lake akatangaza kwa sauti ya darasani, "Nnakwenda Bwejuu kwa shoga yangu." Vijana waligeuka, wakabinyana. Yeye hakugeuka.

Miaka arubaini alikwenda hivyo. Nnakwenda, n'tarudi, n'takaa wiki mbili. Alirudi na pweza mkavu, mwenyewe amewiva kwa jua, na kwa siku kadhaa hakusahihisha mtu. Huyo shoga mjini hatukumwona hata siku moja. Tulijua kwamba analima mwani na kwamba hajui kusoma. Tulijua pia, kwa kuwa Mwalimu alituambia mwenyewe bila ya kuulizwa, kuwa anasema lahaja ya kusini iliyo kongwe kuliko Kiswahili chetu cha mjini, na kwamba atakayeicheka atakiona. Huyo peke yake duniani, nadhani, ndiye aliyesema apendavyo mbele ya Mwalimu bila ya chaki.

Sasa nije kwenye Alhamisi. Kila Alhamisi alasiri wanawake walikutana uani kwangu kushona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka macho yakauma. Walikuwapo wengine wa kuja na kuondoka, lakini wa kudumu walikuwa wawili. Bi Rukia alicheka kabla ya kisa kuanza. Bi Zuwena, mjane wa nyumba ya watu waliokuwa na mashamba zamani, alikuwa na sindano ya kasi, hakosi sala, na kicheko kwake kilikuwa kama mvua ya kiangazi. Mwalimu kushona hakujua. Kofia aliyoijaribu tuliificha. Kazi yake ilikuwa kusimulia: anakisoma kitabu nyumbani, halafu Alhamisi anakaa nacho mapajani katika gazeti lake, anafungua mahali, anakigeuza Kiswahili pale pale. Tumesikia majasusi, mabwana wa Kiskochi na daktari aliyewaua wagonjwa wake. Ile saa moja na nusu ndiyo iliyomweka hai tangu alipostaafu, na hilo halikuwa siri. Siku ya Jumatano alishaanza kuwa na furaha.

Msimu mmoja wa kaskazi walikuja wageni wawili, wanawake, wakakaa chumba namba nne siku kumi. Walikuwa na adabu, walijifunza kusema shikamoo, na walipoondoka wakasahau kitabu chini ya mto. Juu ya jalada palichorwa theluji, kinara cha mishumaa tisa, na wanawake wawili wenye unga puani wanatazamana. Namna walivyotazamana haikuhitaji mkalimani. Nikasoma maneno ya nyuma: riwaya ya mapenzi, katika sikukuu ya Mayahudi iitwayo Hanuka, mwanamke na mwanamke. Nikakisukuma nyuma kabisa ya kabati, nikafunga mlango wake. Nami nilikuwa na shoga yangu, yuko Maskati sasa, ana watoto watatu. Hilo si la leo.

Mwalimu alikipata kwa nusu saa. Niliporudi na chai nilimkuta amekaa nacho, analitazama lile jalada. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniomba gazeti.

"Mwalimu, hicho si cha Alhamisi," nikamwambia.

"Umekisoma?"

"Nimesoma mgongo wake."

"Basi umesoma mgongo."

"Wanawake wawili, Mwalimu."

Akakunja pembe ya kwanza, akaipiga pasi kwa ukucha. "Kiswahili hakijaniuliza," akasema.

Nilimwelewa mara moja, na nikaogopa zaidi. Kizungu hakikuachii kusema mtu kaingia mpaka ueleze ni mwanamume au mwanamke. Chetu kinasema "kaingia", basi. Kiambishi kimoja kinambeba kila mwanadamu. Angeweza kusimulia kitabu kizima, kaingia, kapenda, kalia, na asiseme uongo hata herufi moja. Lakini mtu akigundua? Jambo hilo kwetu haliingii uani. Heshima ya mtu huvunjwa kwa uvumi tu, na Mwalimu zaidi ya heshima na Alhamisi yake hakuwa na kitu. Wakijua, hawatarudi. Na kitabu kimetoka kabatini kwangu, kwa hiyo jina langu nalo litakwenda na maji. Nilimwambia yote hayo. Alikunja pembe ya pili.

Alhamisi akaanza. "Kuna sikukuu ya taa, ya Mayahudi," akasema, "ya siku nane."

Bi Zuwena akaiweka sindano chini. "Mayahudi, Mwalimu? Na dunia ilivyo sasa?"

"Bi Zuwena, mwanao mkubwa anaitwa nani?"

"Musa."

"Wa pili?"

"Yakubu."

"Basi kaa usikilize habari za wenye majina ya wanao. Wanaouawa nnawalilia kila siku, na wewe unajua. Machozi hayajaniziba masikio."

Bi Zuwena akaokota sindano. Hakuondoka.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Noa karudi kwenye mji wa baridi alikozaliwa, kwenye duka la mikate la mama yake, tanuri limeharibika na sikukuu imefika. Tali ndiye anayeleta unga kwa gari na ndiye ajuaye kulitengeneza tanuri. Wawili hao waligombana skuli zamani, hawajasemeshana miaka kumi. Kila usiku wa sikukuu unawashwa mshumaa mmoja zaidi, kila usiku tanuri linawaweka pamoja, na sisi tulipewa usiku mmoja kila Alhamisi, hata mtu alie.

"Noa," akasema Bi Rukia siku ya kwanza, "si ndiye Nuhu kwa Kizungu? Kama Nabii Nuhu?"

Mwalimu alifungua ukurasa. "Majina yanakaribiana," akasema, na huo ulikuwa ukweli. Kuanzia hapo Noa akawa mwanamume uani kwangu, kwa fatwa ya Bi Rukia.

Walikipenda, wallahi. Walipenda kwamba mafuta ya siku moja yaliwaka siku nane. "Hiyo ni baraka," akasema Bi Zuwena, kisha akakumbuka kuwa amekasirika. Walipenda maandazi ya sikukuu hiyo, yanayotiwa jamu tumboni; wiki ya pili Bi Rukia akaja na ya kwake, ametia tende, na tangu hapo tukawa hatusikilizi bila maandazi. Mwalimu mwenyewe alipenda ule mshumaa wa tisa, unaoitwa mtumishi, ambao kazi yake ni kuwasha wenzake na wenyewe hauhesabiwi. "Huyo mwalimu huyo," alisema.

Wiki ya nne fatwa ikaanza kupasuka. Noa alikuwa akilia. Alilia kwa sababu ya tanuri, kwa sababu ya mama yake, na kwa sababu Tali alimfuta unga kwenye nyusi.

"Mwanamume gani huyu, machozi karibu karibu?" akauliza jirani mmoja.

"Si wa kwetu, wa kwao wanalia," akasema Bi Rukia.

"Na huyo Tali anabeba magunia mawili kwa mpigo. Mimi nasema Tali ndiye mume."

Wakagawika. Palikuwa na watu wa Noa na watu wa Tali, wakagombana juu ya sindano kama wanaogombania mpira, mpaka wageni wa juu wakachungulia dirishani. Bi Zuwena peke yake hakuingia upande wowote. Alizungusha uzi kwenye kitundu, akazungusha tena. Mwalimu alisubiri wanyamaze, kama darasani, na walipomgeukia alifungua ukurasa mwingine. Nilimwona anaupapasa ukingo wa gazeti kwa kidole gumba, tabia ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Wiki ya saba, usiku wa saba. Tanuri limepona, mkate wa kwanza umetoka, Noa na Tali wamesimama mbele ya moto, na Mwalimu akafunga kitabu. Bi Rukia akajinyosha mlangoni, akaziba njia kwa mwili wake mpana.

"Leo hutoki, Mwalimu. N'takuuliza na utanijibu. Wakioana hawa, nani kamuoa mwenziwe? Nani mume hapo?"

Wote wakacheka, wakapiga makofi. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Bi Rukia alitaka kushinda ubishi tu. Lakini swali lilikuwa limeulizwa wazi, na Mwalimu alikuwa mtu ambaye tangu nimjue sijamsikia akijibu swali kwa uongo. Alivua miwani. Akaivaa tena.

"Alhamisi ijayo, inshallah," akasema. "Usiku wa nane ndio wa mwisho."

Alhamisi ijayo hakuja. Tulitandika mkeka, maandazi yakapoa. Nilikwenda Malindi nikakuta kufuli, na jirani akaniambia Mwalimu kaondoka na sanduku, si na kapu kama kawaida yake. Kitabu nilikikuta kabatini kwangu, ndani ya gazeti lake, na kipande cha uzi mweupe kwenye usiku wa nane. Sijui alikirudisha lini. Alhamisi ya pili Bi Rukia alisema labda anaumwa. Ya tatu tulishona kimya, na watu wakaondoka kabla ya wakati. Nilimkasirikia Mwalimu kwa kiburi chake cha kutosema uongo, nikajikasirikia mimi kwa kutokichoma kile kitabu, na nikamkosa vibaya sana.

Asubuhi moja Bi Zuwena akaja peke yake. Hakuwahi kuja bila ya kofia mkononi. Alikataa chai.

"Bwejuu unakwenda lini?" akaniuliza.

"Kwani nnakwenda, Bi Zuwena?"

"Unakwenda. Na ukifika mwambie hivi: lile swali lishafutwa ubaoni."

"Swali gani?"

"Usinifanye mtoto." Akautazama mlango, akashusha sauti. "Wiki saba tumesimuliwa unga. Umemwingia Noa puani, nyusini, masikioni, mpaka katika kope. Ndevuni haukuingia hata siku moja. Mwanamume gani wa tanurini unga unamkosa ndevu?"

Nikainuka, nikaufunga mlango.

"Mimi jambo lile silikubali, na Mola wangu anajua," akasema. "Lakini Mwalimu kanisomeshea wanangu wanne, na Mwenyezi Mungu ni mwenye kusitiri. Mimi nani hata nifunue? Mwambie arudi."

"Na Bi Rukia?"

"Rukia hajui lolote, mwache na Nuhu wake."

Nikaenda. Bwejuu nilielekezwa nyumba ya mwisho kabla ya minazi, mwani umeanikwa mbele yake juu ya mchanga. Mlangoni alikaa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, vidole vimekatwa katwa na kamba za mwani, anachambua mchele kwenye ungo. Puani alikuwa amevaa miwani yenye uzi mweupe. Nilisimama nikaitazama ile miwani nikasahau hata kupiga hodi.

"Shikamoo," nikasema mwishowe.

"Marahaba. Wewe ndiye wa vyumba saba," akasema. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili cha mjini, maana chake siwezi kukiandika. "Karibu. Kakaa ndani ananuna, wiki ya nne hii."

Kutoka ndani Mwalimu akajibu kwa lahaja ile ile ya kusini, kwa hasira. Yule bibi akamsahihisha neno. Mwalimu akalirudia, akakosea tena, wote wawili wakacheka. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia mtu akimsahihisha Mwalimu, wala sikujua kuwa anaweza kucheka namna ile, mdomo wazi, kama msichana.

Alipotoka nilimwamkia, akaitika, akakaa kizingitini pembeni ya mwenziwe. Bila ya miwani alionekana mdogo. Nikatoa kitabu kwenye mkoba, nikakiweka baina yetu, na kwa kuwa sikujua pa kuanzia nikatoa salamu kama nilivyopewa.

"Bi Zuwena kasema, lile swali lishafutwa ubaoni."

Alikishika kitabu. "Kasema lishafutwa?"

"Lishafutwa. Na kasema urudi."

"Zuwena," akasema. Machozi yakamtoka, hakuyafuta wala hakuyaficha. "Nimesomesha umri wangu wote sijalikimbia swali. Lile nililikimbia. Nilijiambia, nikisema Noa mwanamume, huo utakuwa uongo wangu wa kwanza mbele ya wanafunzi, na wao ni wanafunzi wangu, wasijidanganye kwa uzee wao. Nikisema kweli, nawapoteza. Nikafungasha."

"Wewe ungelisema nini?" nikamuuliza yule bibi, kwa kuwa alikuwa akitusikiliza huku vidole vinatembea kwenye mchele.

"Mimi sijui hata kisa kimeishaje. Huyu kanisimulia usiku saba, wa nane kauacha mjini." Akasukuma ungo. "Soma basi. Umekuja nacho kwa nini?"

Nikasoma. Nilitafsiri vibaya, nikisitasita, nikiokota maneno. Mishumaa yote minane inawaka na mtumishi wao, duka limejaa watu, mama amekaa kwenye kiti chake, na Noa mikono imejaa unga anamgeukia Tali mbele ya wote amwulize. Hapo nikakwama. Kizungu kilikuwa na neno moja jepesi la kuulizia hayo, kwangu mimi likawa mlango uliofungwa. "Je, uta... utanioa?" nikasema. "Utaolewa nami? Nikuoe?" Kila nilichojaribu kilimfanya mmoja wao awe mwanamume, na hakuwapo mwanamume pale dukani isipokuwa muuza samaki mmoja aliyekuja kununua mkate.

"Kauli ya kutendana," akasema Mwalimu. Sauti ilikuwa ile ya darasa la tano.

"Tuoane," nikasema.

"Tuoane," akasema. "Endelea."

Yule bibi alikuwa ameacha mchele. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akamvisha Mwalimu puani, taratibu, uzi wa mkono ule akauweka sawa nyuma ya sikio. "Na mwenziwe kajibu nini?" akauliza.

"Kakubali."

"Alaa! Basi angelimuuliza usiku wa kwanza, wasimalize mishumaa ya watu." Akamtazama Mwalimu. "Na wewe ndiyo hilo la kukutoa mjini, neno moja hilo?"

Mwalimu alinitazama mimi sasa, kwa macho makubwa ya nyuma ya vioo. "Ile insha yako," akasema. "Mama alimuoa baba. Nilikupiga mkasi."

"Nakumbuka."

"Nilimjua mama yako. Mkasi haukuwa haki." Hilo kwangu lilitosha kuwa udhuru wa miaka thalathini na kitu.

Tulikula wali na pweza. Walikula katika sahani moja, na vipande laini vilikuwa vinasukumwa upande mmoja kisha vinarudishwa. Niliwatazama, na nilifurahi, na nikamkumbuka wa Maskati, na furaha haikuharibika. Lile gazeti la kitabu lilikuwa limechanika mgongoni. Mwalimu akauliza kama nyumba ina gazeti jingine, akakikunjia pembe upya pale pale, baada ya kunawa mikono.

Nilipoinuka kuondoka nilimuuliza lililonileta. "Alhamisi, Mwalimu?"

Miaka yote jibu lake nalijua. N'takuja, inshallah. Safari hii alichelewa kujibu. Akamgeukia shoga yake, yule akashughulika na ungo kama hakusikia, kisha akainua kidevu, kidogo sana.

"Tutakuja," akasema Mwalimu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa kiambishi si pambo, kwamba herufi mbili mwanzoni mwa neno zinaweza kubeba watu wote waliomo. Nilimwambia sawa.

Alhamisi nikatandika mkeka mapema, nikaongeza mto.

"Wa nani huo?" akauliza Bi Rukia, mdomo umejaa andazi.

"Mwalimu anakuja na shoga yake."

Bi Zuwena aliondoa kikapu chake cha nyuzi, akasogea ukutani, akaacha nafasi ya watu wawili.